Bei Uliyoitaja kwa Simu ni Kauli Yako

Mwezi huu tunaliahirisha somo letu la kawaida ili tuzungumzie jambo lililotokea mlangoni petu.

Mama mmoja mjane, jirani wa msikiti wetu, alitaka kuuza cherehani ya marehemu mumewe. Mwanawe akaipiga picha, akaiweka katika soko la Facebook kwa shilingi 250,000. Kwa siku mbili simu haikutulia. Wengi waliuliza kama bado ipo, wakajibiwa ipo, wakanyamaza. Hao tuwaache. Mmoja, ambaye picha yake ya utambulisho ni Al-Kaaba tukufu, alitaja shilingi 200,000. Mama akakubali. Yule bwana akaandika kwamba atunziwe, inshaallah Jumamosi ataifuata. Siku ya Alhamisi akatokea fundi wa mtaa wa pili na shilingi 220,000 mkononi. Mama akamrudisha, akamwambia cherehani imeshapata mwenyewe. Jumamosi ikafika, na huyo mwenyewe akafika baada ya Alasiri, na gari la kubebea. Akaikagua, akaikanyaga, ikashona vizuri. Kisha akatoa shilingi 150,000, akasema ndizo alizonazo. Mama akitaka azipokee, asipotaka yeye anarudi zake. Kodi ya chumba ilikuwa inadaiwa Jumatatu. Mama akazipokea.

Kisa hiki hatukukisikia kwa mama mwenyewe. Tulikisikia barazani baada ya Isha, kwa mtu aliyekuwa akikihadithia kwa furaha, na waliokaa naye wakacheka, na mmoja akasema huo ndio ujanja wa mjini. Watu hao walikuwa wametoka katika safu dakika chache zilizopita, na udhu wao haujatenguka. Aliyeifanya biashara ile ni mtu mmoja tu. Waliocheka walikuwa wanane, na ni kwa ajili ya hao wanane tumeshika kalamu.

Hatupingi kupatana bei

Tuondoe shaka kwanza, kwa maana wapo ndugu ambao wakisikia kisa kama hiki hurukia upande wa pili, wakadai kwamba kuomba kupunguziwa ni dhuluma, na kwamba Muislamu analipa bei iliyoandikwa au anaondoka. Rai hii haina mashiko. Mapatano ya bei, ambayo wanazuoni wa fiqhi huyaita musawama, ni asili ya biashara tangu zama za Mtume (s.a.w.) mpaka leo, na yeye mwenyewe alipatana bei.

Hadithi ya ngamia wa Jabir bin Abdillah (r.a.) iko katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Walikuwa wakirejea kutoka safari ya vita na ngamia wa Jabir amechoka hata akataka kumwacha njiani. Mtume (s.a.w.) akamwombea na kumchapa, naye akaenda mwendo ambao hakuwahi kuwa nao. Kisha Mtume (s.a.w.) akamtaka Jabir amuuzie. Jabir akakataa. Akamtaka tena, na Jabir akauza kwa wakia moja, akashurutisha ampande mpaka afike kwake Madina. Wapokezi wametofautiana juu ya kiasi cha bei, lakini hawakutofautiana juu ya kilichotokea baadaye: Jabir alipompeleka ngamia alilipwa bei yake kamili na kuongezewa, na kisha akarudishiwa ngamia wake pamoja na fedha zake.

Tuitazame hadithi hii kwa macho ya mfanyabiashara. Mnunuzi ametaka, muuzaji amekataa, mnunuzi amerudia, wamekubaliana, muuzaji ameweka sharti, sharti limeheshimiwa. Baina ya neno na malipo kuna safari nzima jangwani. Na bei ilipofika siku ya kulipwa ilipanda. Yule bwana wa cherehani naye alikuwa na safari baina ya neno na malipo, siku chache tu, na bei yake ikashuka.

Vilevile sharia haikuweka kiwango cha chini ambacho mtu haruhusiwi kukitaja. Bidhaa zilipopanda Madina na watu wakamwomba Mtume (s.a.w.) awapangie bei, alikataa, akaogopa kukutana na Mola wake hali ya kuwa kuna anayemdai dhuluma katika damu au mali. Basi kitu kimeandikwa 250,000 nawe una 120,000, taja 120,000 yako kwa adabu. Muuzaji atakataa, na mtaachana kwa salama. Kutaja bei ndogo si kosa. Kutaja bei usiyokusudia kuilipa ndiko tunakokukusudia katika makala hii, hata kama bei hiyo ni kubwa; na mara nyingi huwa kubwa, kwa sababu lengo lake ni kuwafukuza wanunuzi wengine mpaka siku ya kufika mlangoni.

Hoja ya kwamba hakuna mkataba

Tulipowauliza waliocheka, walitupa hoja, na hatutaki kuwadhulumu kwa kuificha. Walisema: wawili hawa hawakuonana, hakuna kikao kilichowakutanisha, fedha haikutoka, kitu hakikushikwa, kwa hiyo mpaka Jumamosi hapakuwa na biashara, na kila mmoja alikuwa huru.

Tunajibu. Biashara hufungwa kwa ijabu na kabuli, mmoja atoe na wa pili apokee, na ridhaa iwepo pande zote mbili. Kutoa fedha na kushika kitu ni utekelezaji wake. Siyo nguzo inayoisimamisha, ila katika mambo maalumu kama kubadilisha dhahabu na fedha. Ama kutokuonana, jambo hili limeshatazamwa na wanazuoni wa zama zetu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Jeddah mwaka 1990, likatoa azimio lake la 52 juu ya mikataba inayofungwa kwa vyombo vya mawasiliano. Lilisema kwamba watu wawili wasioonana wakiandikiana kwa barua, telegramu, teleksi, faksi au kompyuta, mkataba unafungika pale ijabu inapomfikia mwandikiwa naye akaikubali; na wakizungumza kwa simu wakati mmoja, hukumu yao ni ya watu waliohudhuria pamoja. Likaongeza kwamba mwenye kutoa ijabu akiiwekea muda, analazimika kubaki nayo muda huo wote, wala hana haki ya kuirudisha. Likatoa nje ndoa, ubadilishaji wa fedha, na biashara ya salamu ambayo mtaji wake lazima ulipwe papo hapo. Cherehani si ndoa, wala si sarafu.

Mwaka 1990 simu hizi hazikuwepo. Lakini ujumbe wa maandishi ni ujumbe wa maandishi, upite katika waya wa teleksi au katika kioo cha simu.

Hapa mmoja wao, kijana aliyesoma kidogo, alitutolea hoja ya pili iliyo nzito zaidi, nasi tunampongeza kwa kuijua. Alisema kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wazee wetu wa pwani, kauli yenye nguvu ni kuwa kuuza kitu maalumu ambacho mnunuzi hajakiona hakusihi. Picha si kitu chenyewe. Kwa hiyo yule bwana hakuwa amenunua cherehani, bali alikuwa anakwenda kuiona.

Kweli, kauli hiyo ipo, na Imamu Nawawi ndiyo aliyoipa nguvu. Mahanafi wanaihesabu biashara hiyo kuwa sahihi, na wakampa mnunuzi hiari ya kukirudisha atakapokiona. Tuseme tumeichukua kauli ya Shafi, na kwamba siku ile hapakuwa na mauzo. Je, palikuwa na nini? Palikuwa na ahadi. Mtu aliandika: nitunzie, nakuja, nitatoa 200,000. Na anayeijua kauli ya Shafi katika kuuza asichokiona mnunuzi hawezi kuwa haijui hadithi ya alama za mnafiki, ambayo ndani yake mna kusema uwongo na kuvunja ahadi. Wanazuoni walio wengi wamesema kutimiza ahadi ni jambo linalosisitizwa sana ingawa kadhi hamlazimishi mtu. Lakini Wamaliki, katika kauli iliyo mashuhuri kwao, wamesema ahadi inalazimu hata mbele ya kadhi pale inapokuwa na sababu na aliyeahidiwa akaingia katika gharama kwa ajili yake. Na Baraza hilihili la Fiqhi, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, lilikwenda karibu na hapo. Na mama yule aliingia katika gharama. Alimrudisha mtu mwenye 220,000 mkononi.

Basi ukichukua kauli ya kwanza, umevunja mkataba. Ukichukua ya pili, umevunja ahadi na kumtia mwenzio hasara. Hakuna kauli ya tatu inayoitwa ujanja wa mjini.

Tunakubali kwamba mnunuzi ana haki ya kuona. Picha hupambwa, na mlio wa mashine hausikiki katika picha. Mtume (s.a.w.) amewapa muuzaji na mnunuzi hiari mpaka watakapoachana, na Ibn Umar (r.a.) alikuwa akinunua kitu kikampendeza huondoka hatua kidogo ili biashara ithibiti. Ukifika ukakuta kasoro ambayo haikutajwa, una haki ya kurudi au ya kupatana upya, na hapo hakuna anayekulaumu. Lakini bwana yule hakutaja kasoro yoyote. Aliikanyaga ikashona. Alichokikagua hasa ni dhiki ya mama, akaiona iko sawasawa.

Mwenye kutaka usalama wa dini yake aandike maneno yasiyo na tundu: nitakuja kuiona siku fulani, ikiwa kama ulivyoieleza nitatoa 200,000, na akitokea mwingine kabla yangu wewe una ruhusa ya kumuuzia. Ujumbe huo ni wa mstari mmoja. Tatizo lake ni kwamba mtu mjanja hautaki, kwa sababu haumfungi muuzaji peke yake.

Kupanda juu ya bei ya ndugu yako

Yule fundi wa Alhamisi naye tuna neno naye. Hakufanya kosa kwa kuuliza, kwa sababu hakujua. Lakini tuchukulie alijua. Tumeona katika makundi ya WhatsApp, yakiwemo ya misikiti yetu, kitu kimetangazwa, mtu ametaja bei, mwenye kitu ameandika kwamba kimechukuliwa. Kisha kwa siri anatumiwa ujumbe: nakuongezea 20,000, mwache huyo. Mtume (s.a.w.) amekataza waziwazi mtu kupatana bei juu ya mapatano ya ndugu yake, kama alivyokataza kuposa juu ya posa yake. Watu wanaona aibu kubwa katika posa, na katika pikipiki hawaoni kitu.

Imamu Malik ameufafanua mpaka wa katazo hili katika Muwatta. Katazo linaanza pale muuzaji anapokuwa ameelekea kwa yule wa kwanza, wakawa wanakamilisha masharti. Ama kitu kikiwa bado kinasimamishwa sokoni na mwenye nacho hajamkubali yeyote, watu kumi wanaweza kutaja bei kumi, kila mmoja juu ya mwenzake, na hapana ubaya. Vinginevyo mnada wote ungekuwa haramu, na Waislamu wamefanya minada karne zote. Mpaka ni neno la muuzaji. Kabla hajasema "sawa", uwanja ni wa wote. Akishasema, uwanja una mwenyewe.

Na neno hilo linamfunga muuzaji pia. Tunawajua wauzaji ambao wanakubali bei asubuhi na kuiuza kwa mwingine mchana, kisha wanamwambia wa kwanza kwamba "mwenye mzigo amebadilisha". Huyu na yule wa cherehani wamekaa jamvi moja.

Wauzaji na wateja wasiokuwepo

Wauzaji wasidhani tumewasahau. Umeandika kwamba unataka kitu kwa 300,000, unajibiwa kuwa kuna mtu ameshatoa 350,000 na yuko njiani. Mtu huyo hana jina, hana sauti, na ukisema basi achukue yeye, baada ya saa mbili unatafutwa wewe. Wakati mwingine mtu huyo anapewa hata sura: ndugu wa muuzaji anaingia chini ya tangazo na namba yake nyingine, anataja bei kubwa, anasifu bidhaa. Hii ndiyo najshi, mtu kupandisha bei ya kitu asichotaka kukinunua ili mwingine ahadaike, na Mtume (s.a.w.) ameikataza kwa jina lake. Haihitaji kufanyiwa kiasi na jambo lolote. Imekatazwa sokoni Madina, na imekatazwa katika simu. Wanazuoni wa Kihanbali wamempa aliyehadaiwa kwa najshi hiari ya kuvunja biashara ikiwa bei aliyolipa imepita kiasi kinachojulikana.

Kuna pia desturi ya kutangaza bidhaa bila bei, na chini yake maneno "bei njoo inboksi". Hatusemi ni haramu. Sharia imetaka bei ijulikane wakati wa kufunga mkataba, na siyo katika tangazo. Lakini tumeuliza wauzaji wawili tunaowaamini kwa nini wanafanya hivyo, nao wakatuambia bila kuficha: wanataka kwanza kuitazama picha ya anayeuliza. Aliyepiga picha mbele ya gari atatajiwa bei ya gari. Mwanafunzi wetu mmoja aliulizia viatu kwa simu yake akatajiwa bei, mjomba wake akaulizia viatu vilevile siku ileile akatajiwa karibu mara mbili. Muuzaji ana haki ya kutofautisha bei, madhali hasemi uwongo. Ila akimkuta mtu asiyejua bei, ambaye amemwachia uaminifu wote na kumwambia "niuzie kama unavyowauzia wengine", basi kumdanganya huyo si kupatana tena. Wanazuoni wanamwita mustarsil, na Mahanbali wamempa hiari vilevile. Wanaokuja na ujumbe wa namna hiyo mara nyingi ni wazee wetu na watu wa shamba.

Kosa letu wenyewe

Ni haki tuseme na la kwetu, kwa maana si vyema kuinyooshea kidole nyumba ya jirani nasi paa letu linavuja. Mwaka jana madrasa ilihitaji jokofu dogo la kuwekea maji ya wanafunzi. Tuliona matatu yanayofanana katika soko la Jiji, ambalo mwaka 2019 lilinunua biashara za OLX katika Nigeria, Ghana, Kenya, Tanzania na Uganda, na kwa hiyo watu wetu wengi wamehamia huko. Tukawatumia wauzaji wote watatu bei ileile, chini kidogo ya waliyoitaka, tukidhani atakubali mmoja. Wakakubali wote watatu, ndani ya saa moja.

Tukachukua la karibu. Wale wawili hatukuwajibu. Hatukukusudia ubaya; tuliona aibu tu, kisha tukashikwa na masomo, kisha tukasahau. Siku ya nne mmoja akatupigia. Alikuwa amelisafisha jokofu, amelifunga kwa kamba, na amempa nauli ya kwanza kijana wa guta alete. Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. Alituita ustadhi, kwa sababu tulijitambulisha kwa cheo hicho wakati wa kuomba kupunguziwa, tukitaka kitusaidie. Tuliilipa ile nauli, naye akatusamehe, lakini mpaka leo tukiliona jokofu lile tunalikumbuka lile jingine lililofungwa kamba.

Makosa yetu yalikuwa mawili, na yote mawili yana dawa nyepesi. La kwanza, tulitoa ijabu tatu kwa haja moja. Anayetaka kuulizia sehemu tatu aulizie, lakini aulize bei ya mwisho bila kujifunga, kisha amtajie mmoja. La pili, tulinyamaza. Neno "samahani, tumepata kwingine" lina gharama ya shilingi chache za bando, na lingemwokolea mtu nauli.

Kuhusu kujitambulisha kwa dini ili bei ishuke, tutaandika siku nyingine inshaallah. Ni mlango mpana, na ndani yake tumo wengi wenye kanzu.

Wasiosali na kauli zao

Linalotuumiza zaidi ni kwamba masoko yaliyoanzishwa na watu wasioijua hadithi hata moja yameliona jambo hili. eBay, iliyoanza Marekani mwaka 1995, ina utaratibu ambao mnunuzi anampelekea muuzaji bei anayoitaka yeye; muuzaji anaweza kukubali, kukataa, au kurudisha bei nyingine. Katika bidhaa nyingi, bei ikishakubaliwa kanuni yao inasema mnunuzi amefungwa kununua. Wamekataza pia kupandisha bei kwa wateja wa uwongo. Hata sheria ya nchi yetu, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inautambua mkataba uliofungwa kwa ujumbe wa kielektroniki. Hatuwasifu watu hao kwa dini, na tunajua kwamba kanuni zao huvunjwa kila siku. Tunachosema ni kwamba mtu wa Ijumaa amekuwa na kauli nyepesi kuliko kitufe cha kafiri.

Wapo watakaosema kwamba soko letu ni la watu masikini, kila mtu anapigania chake, na kwamba tukifuata haya tutaliwa. Tunawaelewa. Wenyewe tunanunua sokoni, wala hatulipwi mishahara ya kutisha. Lakini hoja ya umasikini inamtetea nani hapa? Masikini wa kisa chetu alikuwa mwenye cherehani. Kuna hadithi iliyopokewa ya kukataza biashara ya mtu aliyebanwa na dhiki. Isnadi yake ni dhaifu, nasi hatujengi hukumu juu yake. Biashara ya mwenye dhiki inasihi, na kununua kwake kwa bei ya sokoni kunaweza kuwa msaada kwake. Ila usifike mlangoni na bei mbili mfukoni, moja ya kumshika na moja ya kumkamua.

Na kama kweli unataka kitu kitunzwe, kuna njia ya tangu zamani, nayo ni arbuni. Jamhuri ya wanazuoni waliikataa, Imamu Ahmad akairuhusu akitegemea nyumba iliyonunuliwa Makka kutoka kwa Safwan bin Umayya kwa ajili ya Umar (r.a.), na hadithi ya kuikataza haikuthibiti. Baraza la Fiqhi liliichukua kauli ya Ahmad mwaka 1993, kwa sharti kwamba muda wa kungojea uwekwe wazi. Toa shilingi 20,000, sema mpaka Jumamosi Magharibi. Ukichukua kitu inaingia katika bei, usipokichukua ni ya muuzaji kwa kumfungia mali yake. Hapo utaona jinsi watu watakavyotaja bei wanazozikusudia. Usiitume, hata hivyo, kwa mtu usiyemwona. Mji huu umejaa watu wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na Jiji wenyewe wanawaonya wateja wao wasilipe kabla ya kuona, na wakutane mahali penye watu. Mpe mkononi, mbele ya shahidi, au mpelekee kupitia imamu wa msikiti wa karibu naye. Misikiti yetu inaweza kufanya kazi hiyo bila gharama.

Turudi kwa cherehani. Baada ya kujua ni nani, tulimfuata yule bwana, sisi na mzee mmoja wa jamaa, tukakaa naye baada ya Alfajiri. Alitupokea vizuri na kututilia kahawa. Tulipomweleza, alisema: "Ustadhi, si alikubali mwenyewe?" Tukamwambia kwamba alikubali mara mbili, mara ya kwanza kwa hiari yake, na mara ya pili gari likiwa limeshawashwa na kodi ikidaiwa. Tukamwambia kwamba kwa tunavyoijua elimu hii, shilingi 50,000 za mama yule ziko kwake, na kwamba hakuna mahakama itakayomtafuta. Alinyamaza sana. Kisha akasema cherehani yenyewe ameshampa dada yake, naye ameshaanza kushonea sare za shule, na kwamba atatazama mwisho wa mwezi.

Mwisho wa mwezi umepita. Mpaka tunaingia mitamboni hajaja, lakini ile picha ya Al-Kaaba ameiondoa.